Vittorio De Sica hakuitukana nchi yake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nimjibu msomaji mwenzangu ambaye barua yake uliichapisha majuma mawili yaliyopita. Aliwalaumu vijana waliokwenda bonde la Jangwani, hapa jijini, baada ya mafuriko na kupiga filamu fupi kwa kamera ya kuazima, wakimfuata mama mmoja muuza vitumbua ambaye maji yalimzolea jiko, sufuria na mtaji wake wote kwa usiku mmoja. Alisema filamu ya namna hiyo ikivuka mipaka inaianika nchi mbele ya wageni, kwamba tunayo majengo marefu, mabasi ya mwendokasi na fukwe za kupendeza ambazo zingewatosha vijana hao kupiga picha, na kwamba nguo chafu hufuliwa nyumbani. Barua ile iliandikwa kwa staha, na siamini hata kidogo kwamba mwandishi wake anaipenda nchi hii pungufu ya ninavyoipenda mimi. Nilishtuka tu kwa sababu maneno hayo hayo yaliwahi kutamkwa huko Italia, zaidi ya miaka 70 iliyopita, na mtu mwenye cheo serikalini, dhidi ya mwongozaji wa filamu ambaye kazi yake nimeifuatilia tangu nilipokuwa mwalimu kijana hapa Dar es Salaam. Naomba nimsimulie mwenzangu habari za mtu huyo.

Vittorio De Sica alizaliwa tarehe 7 Julai 1901 katika mji mdogo wa Sora, kusini-mashariki ya Roma, akakulia zaidi Naples. Baba yake, Umberto, alikuwa karani, mtu wa mshahara mdogo aliyejitahidi kuvaa vizuri hata pale mfuko ulipokuwa mtupu. Kijana Vittorio alisomea uhasibu, lakini mwaka 1923 akajiunga na kikundi cha maigizo ya jukwaani na hakurudi tena kwenye madaftari ya hesabu. Kufikia miaka ya 1930 alikuwa mwigizaji anayependwa kote Italia: sura nzuri, sauti ya kuimba, suti iliyopigwa pasi. Nalitaja hili mapema kwa sababu wapo wanaodhani kwamba anayepiga filamu za watu wa chini ni yule aliyeshindwa kupata nafasi kwa watu wa juu. De Sica alikuwa nayo nafasi hiyo, tena ya mbele kabisa.

Filamu zilizotamba Italia wakati huo, chini ya utawala wa Mussolini, zilikuja kupewa jina la utani la filamu za simu nyeupe, kwa kuwa katika nyingi kati ya hizo kulikuwa na sebule ya kifahari, na ndani ya sebule hiyo simu nyeupe, alama ya utajiri ambao Mwitaliano wa kawaida hakuwa nao. Watu wake walipendana, wakagombana kwa wivu, wakapatana. Nje ya dirisha hapakuonekana mtu anayetafuta kazi. Msomaji wa Dar es Salaam hahitaji maelezo marefu hapa. Sisi pia tumetazama kwa miaka mingi filamu zinazoanzia na kuishia sebuleni, kwenye makochi ya ngozi, katika nyumba ya kukodi kule Mbezi Beach, ambamo mhusika anaamka asubuhi akiwa na wanja na lipstiki, gari linaingia getini taratibu kwa dakika mbili nzima, na hatujui kabisa mwenye nyumba anafanya kazi gani. Siwabezi waliozitengeneza, kwani walianzisha soko ambalo halikuwapo na wakawapa vijana wengi riziki. Ninachosema ni kwamba hakuna anayewaambia kwamba wanaichafua nchi kwa kuidanganya, ilhali aliyekwenda Jangwani anaambiwa hivyo kwa kusema kweli.

Vita Kuu ya Pili ndiyo iliyomtoa De Sica sebuleni. Alikwisha kuanza kuongoza filamu mwaka 1940, na mapema katika miaka hiyo akaanza ushirikiano na mwandishi Cesare Zavattini, mtu wa Luzzara, ambao ulidumu karibu hadi mwisho wa maisha yake. Roma ilipokaliwa na Wajerumani, De Sica alikuwa akitengeneza filamu iliyodhaminiwa na Wakatoliki, na kazi hiyo ikampa sababu ya kutokwenda Venice, ambako mafashisti walikuwa wakiihamishia sekta ya filamu. Inasimuliwa kwamba aliivuta kazi hiyo makusudi, siku baada ya siku, kwa sababu miongoni mwa watu waliojazana katika Basilika la Mtakatifu Paulo kama waigizaji wa pembeni walikuwamo waliokuwa wakisakwa, hadi majeshi ya washirika yalipoingia Roma mwezi Juni 1944. Vita ilipokwisha, studio kubwa za Cinecittà zilikuwa zimegeuzwa kambi ya wakimbizi. Hapakuwa na fedha, filamu ghafi ilikuwa ya shida, na watu hawakuwa na kazi. Waongozaji wakatoka barabarani na kamera zao, na kilichozaliwa hapo wataalamu wakakiita uhalisia mpya.

Mwaka 1946 De Sica alitoa filamu kuhusu watoto wawili wapiga kiwi viatu wa Roma, ambao wanadunduliza hela zao wanunue farasi, wanaingizwa na wakubwa katika biashara ya magendo, kisha wanafungwa katika gereza la watoto, na huko urafiki wao unavunjwa. Italia haikuitazama sana. Marekani iliitunuku tuzo maalumu ya Oscar mwaka 1948.

Filamu ninayotaka kukaa nayo zaidi ni ile ya mwaka 1948, Wezi wa Baiskeli, Ladri di biciclette kwa Kiitaliano. Kisa chake mtu anaweza kukimaliza akiwa amesimama kituo cha daladala. Antonio Ricci, baba wa familia asiye na kazi kwa muda mrefu, anapata kibarua cha kubandika matangazo mitaani, kwa sharti kwamba awe na baiskeli. Baiskeli anayo, lakini iko rehani. Mkewe, Maria, haanzi kulia. Anavua shuka za kitandani, anazikunja, na wanakwenda kuziweka rehani ili waikomboe baiskeli. Siku ya kwanza ya kazi, Antonio akiwa juu ya ngazi anabandika tangazo la nyota wa Hollywood, kijana mmoja anairukia baiskeli na kutoweka nayo. Muda wote unaobaki ni baba na mwanawe mdogo, Bruno, wakizunguka Roma kuitafuta: katika soko la Piazza Vittorio, Porta Portese kwenye mvua, kanisani, hata kwa mwanamke mtabiri ambaye Antonio mwenyewe alikuwa amemkataza mkewe kumwendea.

Ipo picha moja katika nyumba ya rehani ambayo sijaisahau tangu nilipoiona mara ya kwanza mwaka 1986, katika ukumbi mmoja wa katikati ya jiji hili. Karani anachukua furushi la shuka za Maria, anapanda nalo rafu, na anazidi kupanda, na kamera inapomfuata tunaona kwamba rafu hizo zimefika darini na zote zimejaa mafurushi ya shuka za watu. Hakuna anayesema neno. Siku ile nilimkumbuka mama yangu. Marehemu baba alikuwa akichukua samaki soko la Feri alfajiri na kuwauza Temeke kwa baiskeli ya Phoenix, na baiskeli hiyo ilipoibwa mwaka 1970, nikiwa na miaka tisa, mama alifungua kasha lake akatoa doti za khanga alizotunzwa siku ya harusi yake, ambazo hakuwahi hata kuzifunga, akazitembeza nyumba kwa nyumba mpaka zikaisha. Hakutuambia kitu. Nilikuwa mtu mzima, mwenye watoto, nilipofahamu kwa kutazama filamu ya Kiitaliano kile mama alichokifanya mchana ule, na kwamba nyumba nyingine za mtaa wetu nazo zilikuwa na makasha yaliyokwisha kuwa matupu.

Naomba sasa mwenzangu anisikilize kwa makini katika sehemu ya mwisho ya filamu hiyo, kwa sababu ndiyo inayogusa mji wetu kuliko zote. Antonio, akiwa amekata tamaa, anaiona baiskeli iliyoegemezwa ukutani peke yake. Anampa mwanawe nauli aende akapande tramu. Kisha anaiba. Anapigiwa kelele za mwizi, kundi la wanaume linamkimbiza, linamshika, linampiga makofi, kofia yake inaanguka chini, na Bruno, ambaye tramu ilimwacha, anaona yote. Mtoto anapenya katikati ya watu akimshika baba yake koti na kulia. Mwenye baiskeli anamtazama mtoto, anatafakari, na anasema aachwe aende zake. Wanaondoka. Baba analia hadharani, na mtoto anautia mkono wake mdogo katika kiganja cha baba.

Sisi tunaoishi Dar es Salaam tunajua ukelele wa mwizi unavyoishia mara nyingi. Nimewahi kupita Manzese asubuhi na kukuta majivu ya tairi barabarani na watu wakipita kando yake wakiwahi kazini. Sijui aliyechomwa pale alikuwa nani, wala kama alikuwa na mtoto. Kwa saa moja na nusu De Sica anatuzungusha na mtu aliyeibiwa, tunamchukia mwizi pamoja naye, tunataka akamatwe, na ghafla mwizi ni yeye, na sisi tunamjua jina, tunamjua mkewe, tunazijua shuka zake. Tangu mwaka ule sijaweza kusikia ukelele ule mtaani nikakimbilia kuchukua jiwe, na wanafunzi niliowafundisha kwa miaka 31 niliwasimulia kisa hicho kila mwaka, hata wale niliowafundisha jiografia.

Watengenezaji wa filamu wenye fedha hawakuitaka hadithi hii. Mtayarishaji maarufu wa Marekani, David O. Selznick, alikubali kutoa fedha kama Antonio angeigizwa na Cary Grant. De Sica alikataa, akatafuta fedha kwa marafiki zake, na nafasi hiyo akampa Lamberto Maggiorani, mfanyakazi wa kiwandani ambaye alikuwa amemleta mwanawe kufanyiwa majaribio. Bruno aliigizwa na Enzo Staiola, mtoto aliyeonekana miongoni mwa watu waliosimama barabarani kutazama kazi ya upigaji picha, na ambaye De Sica alivutiwa na mwendo wake. Mke wa Antonio aliigizwa na mwandishi wa habari. Filamu ilipata nayo tuzo maalumu ya Oscar mwaka 1950, na mwaka 1952 wahakiki waliopigishwa kura na jarida la Sight and Sound la Uingereza waliitaja kuwa filamu bora kuliko zote zilizowahi kutengenezwa duniani.

Sasa nifike kwenye nguo chafu. Mwaka 1952 ilitoka Umberto D., ambayo De Sica aliitabaruku kwa baba yake, na ambayo kwangu mimi, mstaafu ninayezungumza habari za kikokotoo cha pensheni kila ninapokutana na wenzangu, ni nzito kuitazama kuliko nyingine zote. Inaanza na wazee waliofanya kazi serikalini wakiandamana kudai pensheni iongezwe, na polisi wakiwatawanya. Mmoja wao, Umberto, anadaiwa kodi ya chumba na mwenye nyumba anataka kumtoa. Hana mtu isipokuwa mbwa wake na kijakazi mjamzito wa nyumba hiyo. Anajaribu kuomba barabarani: ananyoosha kiganja, lakini mpita njia anapoingiza mkono mfukoni ampe, mzee anakigeuza kiganja juu chini kwa haraka kana kwamba alikuwa akipima kama mvua inanyesha. Aliyeigiza alikuwa Carlo Battisti, profesa wa isimu wa Chuo Kikuu cha Florence, ambaye hakuwahi kuigiza maishani mwake.

Giulio Andreotti, ambaye wakati huo alikuwa naibu serikalini akisimamia masuala ya burudani na ambaye baadaye aliongoza serikali ya Italia mara 7, alimwandikia De Sica barua ya wazi gazetini. Hoja yake ilikuwa kwamba ikiwa dunia itadhani Italia ya Umberto ndiyo Italia halisi ya katikati ya karne ya 20, De Sica atakuwa ameitendea nchi yake vibaya. Kauli ya nguo chafu kufuliwa nyumbani imeendelea kunasibishwa naye hadi leo. Nayo haikuwa kauli ya mdomoni peke yake, kwani sheria ya mwaka 1949 inayojulikana kwa jina lake iliwapa wakubwa uwezo wa kuamua filamu ipi ipate msaada wa serikali na ipi iruhusiwe kuuzwa nje. Umberto D. haikuingiza fedha, na De Sica alilazimika kurudi mara kwa mara kwenye uigizaji wa filamu za wengine ili apate za kutengenezea zake.

Namwomba mwenzangu ajiulize nani aliidharau Italia baada ya kuziona filamu hizo. Mhindi Satyajit Ray aliiona Wezi wa Baiskeli akiwa London mwaka 1950, akaondoka ukumbini akiwa ameazimia kutengeneza filamu, na mwaka 1955 akatoa ile ya kijiji cha Bengal iliyoijulisha India kwa ulimwengu. Bimal Roy naye, ambaye wazee wenzangu waliokuwa wakipanga foleni kutazama filamu za Kihindi hapa mjini watakuwa wanalijua jina lake, mwaka 1953 alitoa kisa cha mkulima anayevuta rickshaw huko Kolkata ili shamba lake lisiuzwe, na aliyemtia hamasa alikuwa De Sica. Wageni waliotazama waliwaona Waitaliano kama watu wanaopenda watoto wao, wanaoona haya kuomba, wanaoweka shuka rehani ili wafanye kazi halali. Sebule na simu nyeupe zilikuwa zimeoneshwa kwa miaka kumi, na leo hakuna anayezikumbuka isipokuwa wasomi wa historia ya filamu. Wazee wetu walisema mficha uchi hazai, na sijawahi kusikia mtu akiwaambia kwamba kwa kusema hivyo waliivunjia heshima nyumba.

Lakini sitaki vijana wa Jangwani wadhani kwamba nawapa cheti cha kufanya lolote. Katika kazi ya De Sica yapo mawili ambayo hayanipi amani. La kwanza, inasimuliwa kwamba mtoto Enzo aliposhindwa kulia mbele ya kamera, De Sica alimtilia vipisi vya sigara mfukoni kwa siri, kisha akamsuta mbele ya watu kwamba ni muokota vipisi, mpaka mtoto akalia kwa aibu. Kilio kile tunakisifu hadi leo, na mimi kama mwalimu siwezi kukisifu. La pili ni zito zaidi. Maggiorani alirudi kiwandani kwake baada ya filamu, na kazi zilipopungua akawa miongoni mwa walioachishwa, huku watu wakidhani kwamba sinema imekwisha kumtajirisha. Alipata nafasi ndogo ndogo katika filamu nyingine, lakini hakuna aliyempa tena nafasi kama ile. Mtu aliyeionyesha dunia fedheha ya kukosa kazi akaja kukosa kazi.

Kwa hiyo nawauliza vijana wale waziwazi: yule mama wa vitumbua mmemlipa? Ameiona filamu kabla ya watu wengine hawajaiona? Ikishinda tuzo mahali, mtarudi Jangwani na sehemu yake? Hapo ndipo ningependa mwenzangu aliyeandika barua awabane, na akiwabana hapo nitasimama upande wake bila kusita, kwa sababu anayeweza kuvunjiwa heshima na kamera ni yule mama anayepigwa picha kabla ya kuwa nchi nzima.

De Sica aliendelea. Mwaka 1956 alitengeneza, tena na Zavattini, kisa cha mume na mke vijana wanaojenga kijumba bila kibali pembeni mwa Roma, wakipambana kuezeka paa na kutia mlango kabla hapajapambazuka, kwa sababu askari wakikuta paa hawawezi tena kubomoa. Nani kati yetu, aliyewahi kuamka na kukuta ukuta wake umepigwa alama ya X nyekundu ya kubomolewa, atahitaji kufafanuliwa kisa hicho? Mwaka 1960 alimwongoza Sophia Loren katika filamu ya mama na binti yake wakati wa vita, na Loren akawa mwigizaji wa kwanza kupata Oscar ya mwigizaji bora wa kike kwa filamu isiyo ya Kiingereza. Zipo nyingine nyepesi, za vichekesho, na nyingine alizofanya kwa sababu ya madeni, maana alikuwa mcheza kamari mkubwa. Mwaka 1970 alitoa hadithi ya familia ya Wayahudi wa Ferrara chini ya sheria za kibaguzi za mafashisti, na Oscar ya nne ikamfikia. Alifariki dunia karibu na Paris tarehe 13 Novemba 1974. Nchi aliyoambiwa kwamba ameiaibisha inazihifadhi filamu zake leo kama sisi tunavyohifadhi magofu ya Kilwa.

Ombi langu kwako, Ndugu Mhariri, ni kwamba utume mwandishi wako Jangwani akaitazame ile filamu ya vijana pamoja na wakazi wenyewe, kisha utuandikie walichosema wao, kwa sababu mwenzangu na mimi tumebishana juu yao bila kuwauliza. Nimesikia pia kwamba vijana hao wanataka kutengeneza nyingine, kuhusu wachuuzi wa samaki wa Feri, na kwamba wanatafuta baiskeli ya zamani. Ile ambayo baba aliinunua kwa fedha za khanga za mama ninayo bado, imetundikwa stoo. Mnyororo umeshika kutu na tairi la nyuma limekufa, lakini fremu ni nzima na kengele inalia. Waje waichukue.

Mwalimu mstaafu,
Temeke, Dar es Salaam